Busisi: Mji wa Kivuko na Daraja Lake

 

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi habari za mji mdogo ulio kando ya maji, na za daraja lililojengwa mlangoni pake. Mji huo ni Busisi, katika wilaya ya Sengerema, mahali ambapo barabara itokayo Mwanza kwenda Geita huvuka ghuba ya ziwa. Ninyi mnaokaa Geita, Katoro na Chato mmepita pale mara nyingi kuliko mimi. Ninyi wa Shinyanga labda hampajui sana, kwa kuwa mtu wa Shinyanga aendaye Geita hushika njia ya Kahama, asiguse maji hata kidogo. Walakini nawaomba mnisikilize vilevile, maana nitakayoyasema hayahusu Busisi peke yake. Yanahusu kila mahali ambapo watu walijenga vibanda na kuanza biashara kwa sababu moja tu, yaani kwamba wasafiri walilazimika kusimama hapo.

Kwanza yafaa tuitazame nchi yenyewe. Ziwa Victoria lina mkono mrefu na mwembamba ulioingia barani kuelekea kusini, mfano wa kidole, na mji wa Mwanza uko karibu na mdomo wake. Upande wa mashariki ni Usukuma. Upande wa magharibi ni nchi ya Wazinza, ingawa siku hizi Wasukuma ni wengi huko pia. Mtu akisimama Kigongo, upande wa mashariki, huiona Busisi ng'ambo waziwazi, na siku ya anga safi huona hata mabati ya nyumba. Lakini akitaka kufika huko bila kuvuka maji, sharti aende kusini mpaka mwisho wa ghuba, kisha apande tena kaskazini, na hiyo si safari ya mchana mmoja kwa aendaye kwa miguu.

Basi tangu zamani watu walivuka. Upande wa Uzinza walikuwako Warongo, wahunzi waliojua kuyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya miti na kufua majembe. Majembe hayo yaliuzwa Usukuma na mbali zaidi. Watu walilimia, na wengine waliyatoa katika mahari. Mwingereza Speke, aliyetoka Tabora mwaka wa 1858, aliyaona maji ya ghuba hii kwanza tarehe 30 Julai, na tarehe 3 Agosti akapanda kilima karibu na Mwanza akaliona ziwa limetanda mbele yake. Alisifiwa sana kwao kwa kuliona. Wenyeji waliokuwa wakipita juu yake kwa mitumbwi tangu enzi za babu zao hawakuulizwa neno.

Baadaye mambo mawili yaliongeza wavukaji. La kwanza ni dhahabu. Katika miaka ya 1930 mgodi mkubwa ulifunguliwa Geita, ukafanya kazi mpaka mwaka wa 1966, na katika siku zake ulikuwa mgodi wa dhahabu uliopita yote katika Tanganyika. La pili ni ardhi. Usukuma ulikuwa umejaa watu na ng'ombe, udongo umechoka. Tangu mwaka wa 1947 serikali ya siku zile iliwahimiza watu kuhamia magharibi, ambako mapori yenye mbung'o yalikuwa yakifyekwa. Wakahama kwa maelfu pamoja na mifugo na watoto wao. Ndiyo sababu leo ni kazi kupata ukoo wa Kisukuma usiokuwa na shangazi au mjomba ng'ambo ya ghuba. Kisha mgodi wa Geita ukafunguliwa upya mwaka wa 2000, mkubwa kuliko ule wa kwanza, na mwaka wa 2012 Geita ukawa mkoa. Malori, mabasi, wachimbaji wadogo, walimu, wachuuzi wa mananasi na wauza nguo, wote walishuka Kigongo au Busisi, wakatazama maji, wakangoja.

Neno hili, kungoja, nataka tulitafakari, kwa kuwa ndilo lililoijenga Busisi.

Chombo kilichovusha watu wazee wengi bado hukiita pantoni. Katika miaka ya mwisho vilikuwapo vivuko vitatu, majina yake Mwanza, Misungwi na Sengerema. Kuvuka kwenyewe hakukuwa kazi kubwa. Kazi ilikuwa kupata nafasi. Siku ya wasafiri wengi foleni ya magari ilipanda kutoka gatini mpaka juu barabarani, na saa mbili au tatu zilipita kabla zamu yako haijafika. Nyakati nyingine magugu maji yalikuja na upepo yakaifunika ghuba kama zulia la kijani, vivuko vikashindwa kuyapenya, na hapo hata saa hukuweza kuzihesabu.

Mimi mwenyewe nilipata kukesha Kigongo usiku mmoja, baada ya basi letu kuharibika njiani na kuchelewa. Nililala nikiwa nimekaa, nimeegemea mzigo wa mwenzangu. Mbu walikuwa wengi. Lakini kama ningesema ulikuwa usiku wa huzuni ningesema uongo. Pembeni mwa njia moto ulikuwa ukiwaka chini ya vikaango. Sato na sangara walikaangwa mbele ya macho yetu, mahindi yakachomwa, mayai yakachemshwa, na vijana wakapita wakinadi maji, karanga na miwa iliyokatwa vipande. Watu wasiojuana walihadithiana habari za mvua na bei ya pamba. Mkulima mmoja kutoka Nyang'hwale alipatana bei ya maksai palepale na mtu ambaye saa moja kabla hakumjua. Pakucha tukavuka, kila mtu akashika njia yake.

Nilinunua samaki kwa mama mmoja aliyekuwa na banda upande wa Busisi. Tangu siku ile, kila nilipopita, nilikula kwake. Jina lake silitaji hapa, kwa kuwa hakuniruhusu kulitangaza redioni. Aliniambia kwamba alianza kukaanga samaki pale akiwa binti, akimsaidia mama yake, na kwamba kwa kikaango kile amesomesha watoto wanne. “Baba,” aliniambia siku moja, “sisi hatuuzi samaki. Tunauza samaki kwa watu wasio na pa kwenda.” Nilicheka, lakini maneno yale yalinikaa.

Sasa msifikiri kwamba kungoja kule kulikuwa tamu kwa kila mtu. Hospitali kubwa ya kanda ya ziwa, Bugando, iko Mwanza juu ya kilima. Kwa miaka mingi mgonjwa mzito kutoka Geita, ambaye hospitali za huko zilikuwa zimeshindwa naye, aliletwa mpaka ukingo wa maji, na hapo ugonjwa wake ulingoja pamoja naye. Mkwe wa mama yule muuza samaki alishikwa na uchungu wa uzazi usiku, hali si njema, akapelekwa kuvushwa. Mtoto hakutaka kungoja, akazaliwa ndani ya kivuko katikati ya ghuba, manesi wawili waliokuwa wasafiri wakisaidia kwa mwanga wa simu za mkononi. Mama na mtoto walipona. Mtoto huyo sasa yuko shule ya msingi, na wenzake humtania kwa jina la Pantoni. Wengine hawakuwa na bahati hiyo, na watu wa Busisi waliwajua.

Tena maji yenyewe si ya kuchezewa. Wote tunakumbuka kivuko cha Nyerere kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, kikiwa kimekaribia gati kabisa, na watu zaidi ya mia mbili wakafa. Pale si Busisi, ni upande wa Ukerewe. Lakini baada ya siku ile niliona abiria wa Kigongo wakihesabu watu waliopanda kabla ya wao wenyewe kutia mguu.

Basi daraja likaja. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 7 Desemba 2019 na Rais John Pombe Magufuli, ambaye kwao ni Chato na aliyeijua vema foleni ile. Kazi ilianza mwaka wa 2020, ikafanywa na makampuni ya Kichina kwa fedha za serikali ya Tanzania, zaidi ya shilingi bilioni 700. Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, nguzo zingali majini. Rais Samia Suluhu Hassan akaiendeleza kazi mpaka mwisho, akalifungua daraja tarehe 19 Juni 2025, nalo likapewa jina la mtangulizi wake.

Urefu wake ni kilomita tatu. Kwa wale ambao hawajaliona, nitajaribu kulieleza. Ni kitako kirefu cha zege kinachokwenda juu ya nguzo nyingi zilizosimama majini, na njia ya magari imegawanyika, waendao upande wao na warudio upande wao, tena ziko njia za waendao kwa miguu. Kuelekea katikati nguzo zimeachana zaidi ili vyombo vipite chini, na hapo imesimamishwa minara mifupi. Kutoka kila mnara kamba nene za chuma zimeshuka huku na huku, zikishika kitako kisilegee. Mtu wa miguu huvuka kwa muda kama dakika arobaini. Motokaa haimalizi dakika tano.

Hapa nawaomba tusafiri kidogo mpaka Uingereza, kisha tutarudi, maana iko hadithi ya mji mwingine mdogo wa kando ya maji ambayo inatufaa.

Katika nchi ya Shropshire unapita mto uitwao Severn, katika bonde jembamba lenye kingo kali. Zamani watu walivuka kwa mashua. Mto ukifurika walishindwa, na maji yakipungua sana walishindwa pia. Bonde lile lilikuwa na mawe ya chuma na makaa ya mawe, na watu wake walikuwa wahunzi kama Warongo wetu. Mwaka wa 1709 mtu mmoja, Abraham Darby, alifaulu kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa, badala ya makaa ya miti. Mjukuu wake, ambaye jina lake pia lilikuwa Abraham Darby, akasimamia kazi ya kutengeneza daraja la chuma kitupu, la kwanza la namna yake duniani. Vyuma vilisimamishwa mwaka wa 1779, na watu wakaanza kupita siku ya kwanza ya mwaka wa 1781. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa amepata kuunga chuma kikubwa kiasi kile, mafundi waliviunga vipande kama seremala aungavyo mbao, ulimi katika tundu. Daraja lile lilitumia chuma tani karibu 380, na upana wa mto ulioruka ni mita 30 tu. Mngechukua madaraja mia ya namna hiyo na kuyapanga ncha kwa ncha ndipo mngefika kutoka Kigongo mpaka Busisi. Darby mwenyewe alibaki na deni la daraja hilo maisha yake yote.

Lakini neno langu si juu ya vyuma. Kabla ya daraja hapakuwa na mji mahali pale. Walioleta fedha za ujenzi walijenga hoteli ikitazamana na daraja. Soko lililokuwa juu kilimani likahamia mtoni. Maduka yakafuata, na mji ukaitwa Ironbridge, maana yake Daraja la Chuma. Kila apitaye alilipa ushuru, na ubao wa ushuru ungali ukutani mpaka leo, umeandikwa kwamba hata askari na hata jamaa ya mfalme hawapiti bure. Baadaye viwanda vya bonde lile vilizimika kimoja baada ya kimoja. Ardhi ya kingo ilisogea, daraja likapata nyufa, na mwaka wa 1934 motokaa zikakatazwa kulipita. Yaani mji uliozaliwa na wapita njia ukakosa wapita njia. Haukufa. Siku hizi watu huja kwa makusudi kulitazama daraja lenyewe. Mwaka wa 1986 likatiwa katika orodha ya urithi wa dunia, na watu wa mji huwauzia wageni chai, vyakula na mahali pa kulala.

Sasa turudi Busisi. Kule Ironbridge daraja liliwasimamisha watu walipe ushuru, na soko likaja mahali waliposimama. Kwetu daraja limewaondolea watu haja ya kusimama. Ni kitu kimoja, lakini tunda lake ni mbalimbali.

Nilipita juu ya daraja baada ya kufunguliwa. Katika basi letu watu walishangilia tulipoingia, wakatoa simu zao wapige picha, na kabla kijana aliyekaa mbele yangu hajaipata picha aliyoitaka tulikuwa tumekwisha kufika ng'ambo. Dereva hakupunguza mwendo Busisi. Nilimwomba anishushe, akanitazama kama mtu aliyesahau kitu.

Nilishuka mpaka gati la zamani. Mahali foleni ilipokuwa ikisimama, kuku walikuwa wakiparua. Vibanda vingi vilikuwa vimefungwa, na kimoja kilikuwa kimebaki miti tu, mabati yamechukuliwa. Mama muuza samaki alikuwako, amekaa mbele ya kikaango kisicho na moto. Nilimwamkia, “Shikamoo, mama.” Akaitika, akaniuliza habari za safari, kisha akaniambia kwamba nilikuwa mteja wake wa tatu tangu asubuhi.

Nilimwuliza kama anajutia daraja. Akakasirika kidogo. “Nijutie nini?” akasema. “Wewe ulikuwako usiku ule alipozaliwa Pantoni? Mimi nilikuwako. Daraja na liwe. Lakini mtu anaweza kushukuru na kukosa chumvi siku ileile.”

Mimi naona mama huyo alisema kweli kuliko wengi wanaoandika. Wako wanaosema kwamba wachuuzi wa gatini ni watu wachache, na kwamba faida ya mikoa mizima haiwezi kupimwa na vikaango. Ni kweli, haipimwi. Lakini vikaango vile vilisomesha watoto, na aliyepoteza kazi kwa ajili ya faida ya wote anastahili angalau kuulizwa anahitaji nini. Kwa maoni yangu halmashauri za Sengerema na Misungwi zina nafasi ambayo haidumu. Mahali pa mabasi kusimama kwa utaratibu, choo safi, kivuli, na meza za wachuuzi zilizo karibu na barabara mpya badala ya gati la zamani, si mambo ya mabilioni. Lakini yakikawia mwaka mmoja au miwili, madereva watakuwa wamezoea kusimama Usagara na Sengerema, na mazoea ya dereva ni magumu kuvunja kuliko zege. Na wachuuzi wenyewe sharti wajue kwamba msafiri wa leo hana saa mbili za kungoja samaki aive. Anataka kitu kilicho tayari, kimefungwa vizuri, na bei yake inajulikana.

Nilimhadithia mama yule habari za Ironbridge, kama nilivyowahadithia ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, “Hao wageni wanaokuja kutazama chuma, wananunua nini?” Nikamwambia: chai, mikate, na picha za daraja. Akacheka sana. “Picha hailiwi,” akasema. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza wageni hao huja saa ngapi za siku.

Nilirudi Busisi baada ya miezi miwili. Sikumkuta gatini. Nilimkuta juu, karibu na barabara ya kuingilia darajani, chini ya mwavuli mkubwa, pamoja na wanawake wengine watatu. Jua lilikuwa likielekea kuzama, na vijana kutoka Sengerema walikuwa wamekuja kwa pikipiki kutembea darajani na kupiga picha, kama wafanyavyo mwisho wa juma. Samaki wake walikuwa wamekwisha kukaangwa, wamefungwa katika karatasi, kila kifungu na ndimu yake. Aliniambia kwamba anapata kiasi cha robo ya mapato aliyopata zamani, na siku za kazi hapati hata hiyo. Pantoni alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ametoka shule, anahesabu malori yaendayo Geita na kuandika hesabu yake katika daftari. Nilimwuliza amefika mangapi. Akaniambia nisimsemeshe, atapotea.